Habari za Mayige wa Nkoma, Aliyesimama Kati ya Dishi na Antena

Enyi watu wa Simiyu, mlio na majembe begani na mlio na mafaili kwapani, sogeeni karibu. Na wewe wa nyuma uache kutafuna muwa, maana habari hii haitaki kelele za meno. Nawe ulimi wangu, uliyenitumikia tangu nilipoachishwa ziwa, usikauke leo ukaniaibisha mbele ya wageni, kwa kuwa nataka kunena juu ya vita kuu iliyopiganwa katika kata ya Nkoma baina ya dishi na antena, na aliyekuwa katikati yao ni Mayige wa Maganga, mpima pamba, bwana wa maksai wanne, mwanamume ambaye mzani haukupata kumcheka. Asiyeamini aende zake, sitambembeleza.

Ilikuwa Alhamisi, katika mwezi wa kuuza pamba, simu ilipolia ikileta ujumbe kutoka Dodoma. Scola, mke wa Mayige, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alikuwa amemsindikiza binti yao Jenifer kwenye mdahalo wa shule za sekondari, naye akatamka maneno haya: "Baba Jenifer, Jumamosi saa nne kamili asubuhi mtoto anaonekana kwenye runinga, nchi nzima! Na mama yangu nimeshamwambia aje kwetu atazame. Kesho anafika."

Mayige akakaa chini. Runinga alikuwa nayo, mpya, bapa, bado imevaa nailoni yake, lakini ilikuwa haijawahi kuonyesha kitu ila sura yake mwenyewe akijitazama humo. Na huyo anayekuja hakuwa mgeni wa hivi hivi. Alikuwa Bibi Shida wa Binza, mama wa mabinti saba, ambaye kwa miaka kumi na saba, kila alipopata wa kumsikiliza, alisema kwamba Scola angeolewa na yule mwalimu wa Binza mwenye baiskeli ya gia, leo angekuwa anakaa nyumba ya vigae. Maneno hayo yalimfikia Mayige kila mwaka, yakamchoma, wala hakuweza kuyajibu, kwa sababu kwa Wasukuma wa upande ule mkwilima, ndiye mume wa binti, hamtazami mama mkwe wake usoni, hali naye sahani moja, wala haongei naye ana kwa ana. Heshima hiyo Mayige aliishika kwa mikono miwili, hata pale ilipomuuma.

Basi akaita baraza la vita barazani kwake. Wa kwanza kunena alikuwa Onesmo, bwana shamba aliyehamishiwa Nkoma kutoka Bukoba, mtu asiyeweza kuagiza chai bila kuhutubia.

"Ndugu Mayige!" akanguruma. "Dishi hutazama mbinguni! Halijui mlima, halijui bonde, halijui kama wewe unakaa Nkoma au Masaki. Unalisimika mara moja, hulipi kitu kila mwezi, na chaneli zinakushukia zaidi ya mia moja. Kama naongopa, niondolewe kwenye utumishi wa umma!"

Thomasi, fundi redio wa Lagangabilili, ambaye mguu wake ulikuwa kwenye plasta baada ya kuanguka kutoka juu ya nyumba ya mteja, akagonga sakafu kwa gongo lake. "Mia moja za nini, Bwana Shamba? Hamsini ni watu wanapika vyakula ambavyo hatutavila, hamsini wanauza vyungu kwa lugha ambayo hatuijui! Antena nayo haina malipo ya mwezi, na inaleta stesheni zetu za nyumbani. Ni chache, sikatai, lakini unaelewa wanachosema. Sharti lake ni moja tu: ipande juu, juu kabisa ya bati, itazame mnara wa Bariadi."

Juu ya bati! Chini ya bati hilo angekaa nani siku hiyo, kama si Bibi Shida? Na mkwilima akanyage juu ya kichwa cha mama mkwe wake, wapi mmesikia? Angekuwa gumzo kuanzia gulio la Nkoma hadi kisima cha Binza, na yule mwalimu angezidi kung'aa.

"Nachagua dishi," akasema, macho akiyapeleka kwenye kuku. "Picha yake ni safi zaidi." Wakubwa wengi wameamua jambo kwa sababu moja na kutangaza nyingine, kwa hiyo msimseme yeye peke yake.

Ijumaa dishi likasimikwa ardhini kando ya zizi, kwa heshima zote, bila mtu kupanda popote. Bibi Shida akawasili alasiri, na Mayige akamwamkia akiwa nyuma ya ghala la mahindi: "Mwadila, mayu!" Naye akaitikia akiutazama ukuta, kama inavyopasa. Kisha Onesmo akaingia ndani kukamata chaneli, akazikamata mia na kumi na nne, akazihesabu kwa sauti akichungulia dirishani. Lakini alipofika kwenye stesheni ya mdahalo, kioo kikawa cheusi na maandishi meupe yakatokea: stesheni hii imefungwa. Akabonyeza, akapuliza rimoti, akaipiga kwenye paja, akabadilisha betri. Imefungwa! Na wakati huohuo maksai kiongozi aitwaye Trekta akausogelea mlingoti wa dishi, akajikuna mgongo taratibu na kwa raha zake, na zile mia na kumi na nne nazo zikaondoka zote.

"Kesho nina kazi ghalani," akasema Onesmo, akavaa kofia yake akaenda.

Jumamosi kulipopambazuka Mayige akampigia Thomasi, akajishusha, akaomba antena. Ikaletwa na bodaboda pamoja na bomba, waya wa mita ishirini na spana moja. Thomasi mwenyewe hangeweza kupanda hata kitanda, na watu wote wa Nkoma walikuwa wamekwenda kupimisha pamba kwa msaidizi wa Mayige. Saa tatu na nusu shujaa wetu akaegemeza ngazi ukutani, akapandisha mguu kwenye kipago cha kwanza, na mle ndani Bibi Shida akakohoa. Mguu ukashuka. Akapandisha tena, ukashuka tena. Mnacheka? Ngojeni mpate mama mkwe.

Moyo ulimuuma kweli. Mwanawe wa pekee angesimama mbele ya nchi nzima, na nyumbani kwao asionekane kwa kuwa baba yake ameshindwa kupanda ngazi. Ndipo akamgeukia yule maksai, akapaza sauti:

"Ewe Trekta, mharibifu wa madishi! Laiti aliye ndani angejua kwamba Jenifer hawezi kuonekana mpaka nifike juu ya bati, na juu ya bati siwezi kufika naye yumo! Nifanye nini, Trekta?"

Trekta akacheua. Kisha ndani kiti kikaburutwa, mlango wa uani ukafunguka, na Bibi Shida, miaka sitini na minane, akatoka kajitanda kanga mpaka kwenye nyusi, runinga kaikumbatia kifuani, waya mrefu wa umeme ukimfuata nyuma kutoka kwenye soketi ya sebuleni. Mayige akageuzia uso wake ukutani, akasubiri. Mama mkwe akavuka ua, akaingia jiko la nje lenye paa lake la nyasi, akatua runinga juu ya kinu kilichofunikwa, akaketi akiupa mlango mgongo.

"Trekta," akasema kwa sauti kavu, "mwambie huyo anayepanda, nyumba iko tupu."

Hapo ndipo Mayige alipopaa! Kipago kwa kipago, bati likilia chini ya nyayo zake, akafika kileleni, akasimika bomba, akaurusha waya chini. "Trekta, mwambie auchomeke kwenye tundu la duara!"

"Trekta, mwambie nimeshachomeka, mimi si mtoto."

Akaigeuza antena kuelekea Bariadi. "Trekta, naona mvua tupu," ikasema sauti ya jikoni. "Trekta, kidogo kushoto. Kushoto kwake, si kwako! Trekta, kuna mtu ana kichwa hana kiwiliwili. Hapo, hapo! Asitikisike!"

Mayige akanyoosha mkono kuchukua spana akaze nati, na spana ikateleza juu ya bati, ikalia njia nzima, ikaangukia miguuni pa Trekta. Antena ikayumba. "Imepotea!" ikapigwa kelele jikoni. Akaidaka, akaishikilia kwa mikono yote miwili. "Imerudi!" Ilikuwa saa nne kasoro dakika moja, na shujaa akaelewa kilichompata: akiiachia, picha inakufa. Akishuka, inakufa. Yeye ndiye nati.

Basi akasimama juani, bati likimchoma nyayo, na binti yake hakumwona hata ukucha. Alisikia tu sauti ya Jenifer ikitoka chini ya nyasi, nyembamba, isiyotetemeka.

"Trekta," akasema Bibi Shida, polepole sasa, "mwambie amevaa sweta ya shule, nywele amesuka vizuri. Mwambie ameshika mikono nyuma, kama babaye."

Na Jenifer akaendelea kuitetea pamba mbele ya waamuzi, akasema: "Mkulima haogopi kazi, anaogopa kupunjwa. Kwetu Nkoma kuna mpima pamba ambaye hajawahi kuweka kidole kwenye mzani. Namjua vizuri, kwa sababu huyo ni baba yangu."

Makofi yakapigwa Dodoma. Kule juu antena haikutikisika, ingawa aliyeishika alikuwa analia waziwazi, na pua hakuwa na mkono wa kuipangusa.

Mdahalo ukaisha, nyimbo zikaanza, na jikoni mwiko ukasikika ukigonga chungu. Mwishowe Bibi Shida akatoka hadi mlangoni, bado kampa mgongo, akamwita yule maksai kwa mara ya mwisho.

"Trekta. Mwambie ashuke sasa, nimempikia ugali, nitauacha hapa mlangoni kisha niende ndani. Na mwambie hivi: yule mwalimu wa Binza, hata jina lake nimelisahau."

Dakika ishirini na mbili, enyi watu wa Simiyu! Hesabuni mnapojisifu kwa mengine. Dakika ishirini na mbili Mayige wa Maganga alisimama juu ya bati la Nkoma bila kutikisika, na miaka kumi na saba ikashuka naye kwenye ngazi ileile. Dishi lingali kando ya zizi mpaka leo, na Trekta hulitumia kila jioni kujikuna.