Pigo la Phineas Wabuge

Msimu wa gofu ya kulipwa ya ukanda huu ulikuwa umebakiza vituo vitatu, yaani Eldoret, Kampala na Kigali. Phineas Wabuge, ambaye ushindi wake mkubwa maishani ulikuwa kesi moja iliyokosa ushahidi, aliisoma ratiba hiyo ukutani kwa kinyozi akaamua kwamba yeye ni mcheza gofu. Uamuzi ulimchukua muda wa kunyolewa upande mmoja.

Alichokosa ni mfadhili tu, na mfadhili alimjua. Saida, mwenye malori manane ya kubeba mahindi, alikuwa na kidonda kilichojulikana Eldoret nzima. Miaka sita iliyopita kijana mwembamba wa Kaptagat alimwomba viatu vya kukimbilia, naye akamfukuza dukani kwake. Leo kijana huyo anashinda mbio za Ulaya na ana nyumba za kupangisha mtaa wa Pioneer, na Saida akipita hapo hugeuza uso. Aliapa kwamba mwanamichezo mwingine hatamponyoka. Huo ndio upendo wake kwa michezo.

Wabuge alimwendea na kofia nyeupe, glavu ya mkono mmoja na sauti ya mtu aliyechoshwa na umaarufu. Pesa taslimu hakutaka, alisema, humharibia utulivu. Aliomba pikapu tu ya kumfikisha Kampala na Kigali, na Saida achukue nusu ya zawadi zake zote. Hakutaja kwamba pikapu ingeishia kwa mnunuzi wake ng'ambo ya mpaka wa Malaba, kwa kuwa mfadhili hasumbuliwi na mambo madogo madogo.

Saida alitaka kwanza amwone akicheza. Basi Wabuge akamtafuta Mideva, mama aliyewabebea wachezaji fimbo katika klabu ya gofu ya mji huo kwa miaka kumi na saba. Mpango ulikuwa rahisi. Jumanne, siku ya mazoezi kabla ya mashindano ya Eldoret, Wabuge angepiga kuelekea shimo la nane, lililofichwa na mwinuko. Mideva angetangulia na mpira mwingine wenye alama ileile, autie shimoni kwa mkono.

Mideva akauliza, "Bosi, uko sure uingie? Nikiuweka tu karibu na shimo, si pia ni poa?"

"Uingie," alisema Wabuge. "Karibu ni ya watu wa kawaida."

Mwanamke wa watu, kwa kuwa ana dhamiri, aliuliza tena asubuhi ya Jumanne. Wabuge akamwambia aache woga. Gofu alikuwa amejifunza kwa video za simu, na video hizo huisha mpira ukishaingia.

Akapiga. Mpira ulivuka mwinuko ukatua katika shamba la mahindi la jirani. Mara Mideva akapaza sauti kwamba umeingia. Saida alipanda mwinuko huku ameshika buibui, akachungulia shimoni, akauona mpira. Machozi yalimlengalenga kwa furaha. Alimkabidhi Wabuge ufunguo wa pikapu palepale.

Pikapu ilikuwa mbele ya klabu. Wabuge alikuwa ameshafungua mlango kengele ilipolia ndani na Mzee Kipkemboi, kapteni wa klabu, akatoka kumkumbatia. Popote gofu inapochezwa, alimweleza, anayeingiza kwa pigo moja huwanunulia vinywaji wote waliopo. Na hapa kwetu, akaongeza kwa fahari, wabeba fimbo hununuliwa pia nyama. Siku hiyo, wachezaji wa nchi tano wakiwemo, waliopo walikuwa watu mia mbili na kumi na nne. Mideva alikuwa ameshakunja mikono ya shati mbele ya sinia ya nyama.

Wabuge alikuwa na shilingi mia tatu. Alitafuta uongo wa kumtoa hapo, akakosa. Kwa mara ya kwanza tangu shule ya msingi, akaamua kusema kweli.

"Watu wangu, nisikizeni. Hiyo mpira sikuingiza mimi. Iliwekwa na mkono. Mimi ni conman."

Klabu nzima ikaangua kicheko. Mzee Kipkemboi alifuta macho. "Nimeona watu wakizimia ndio wasilipe," alisema. "Lakini kujiita mwizi juu ya soda?"

Mideva alipoulizwa, alimeza kwanza, kisha akaapa kwamba aliuona ukiingia.

Saida hakucheka. "Huyu anaona haya tu," alisema. "Hata yule wa Kaptagat alikuwa mnyonge hivi hivi, nikamdharau. Wallahi sirudii." Akalipa bili yote kwa simu, akachukua ufunguo wake, akasema atamwendesha mwenyewe hadi Kigali. Mzee Kipkemboi naye, kwa heshima ya pigo lile, akampa nafasi ya mwalikwa katika mashindano ya Alhamisi. Wabuge alilala siku mbili nyumbani kwa madereva wa Saida, waliomlinda vizuri kuliko benki.

Alhamisi asubuhi jina lake likatangazwa kwa kipaza sauti. Saida alikuwa mstari wa mbele na madereva wote wanane, wamevaa fulana zenye picha ya Wabuge kifuani. Wabuge alimwinamia Mideva akamnong'oneza kwamba atampa chochote atakachotaka, amsaidie tu.

"Leo kuna kamera, bosi," alisema Mideva, akimpa fimbo. "Piga tu."