Mtendaji Yuko Wapi?

Kuanzia Jumatatu ile, Kata ya Nyamotongo ilitangazwa rasmi kuwa kata ya kwanza katika wilaya za Tarime na Serengeti ambamo hakuna mtoto asiye mjasiriamali. Tangazo lilisomwa na Mtendaji wa Kata, Bwana Projestus, akiwa amesimama juu ya kreti la soda mbele ya ofisi yake. Lilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza iliagiza watoto wote waanzishe biashara. Ya pili iliagiza watoto wote waliokwisha kuanzisha biashara waache mara moja.

"Hawa wanaouza sasa wanauza kienyeji," Projestus alifafanua. "Hawajapata mafunzo. Serikali haiwezi kumwacha mtoto apate faida wakati hajaelewa faida ni nini."

Wananchi walipiga makofi. Walikuwa wamesimama juani tangu asubuhi na walishajua kuwa makofi huharakisha mambo.

Ilikuwa ile miaka ya dhahabu. Kutoka Nyakunguru mpaka Nyamotongo, mwenye nguvu alikuwa anachimba, na asiyechimba alikuwa anawauzia chakula wanaochimba. Watoto wakitoka shule walikimbilia kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, na karanga, mihogo na maji ya kunywa. Aliyewazidi wote alikuwa Adero wa Darasa la Sita, binti wa Mama Awiti muuza chakula. Adero aliuza mayai ya kuchemsha, na pilipili yake ilikuwa kali kiasi kwamba mchimbaji akishaionja alisahau kama kapata dhahabu au kakosa.

Ndoo ya Adero ilikamatwa siku ileile ya tangazo. Kamati ya Kata ya Ujasiriamali wa Mtoto ilikaa kuvijadili vidhibiti vilivyokuwa ndani ya ndoo, na mjadala ulipofungwa, vidhibiti vilikuwa vimebaki maganda.

Projestus hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwenyeji wa Muleba, kaletwa Nyamotongo kwa barua, na kila siku aliisubiri barua nyingine ya kumtoa. Barua hiyo ingeweza kuandikwa na mtu mmoja tu: Bwana Enock, Mratibu Mkuu wa ofisi iliyokuwa Tarime mjini, ambayo kazi yake ilikuwa kuratibu mambo yote ya wilaya mbili yasiyokuwa na mwenyewe. Tembo wakila mahindi kule Robanda, jalada linakwenda kwa Mratibu. Watoto wakitakiwa kufundishwa biashara, jalada linakwenda kwa Mratibu. Mratibu ndiye aliyeutunga mpango huu, na Mratibu ndiye aliyemwambia Projestus kwenye simu, "Ukifanikisha hili, kijana, Nyamotongo utaisahau."

Kwa hiyo Projestus alifundisha kwa moyo wote. Mwalimu Eugenia wa Darasa la Sita alimpisha ubaoni, akaenda kukaa nyuma na madaftari yake ya kusahihisha.

"Mjasiriamali wa kweli," Projestus alisema, akitembea huku na huku, "haanzi na mayai. Mayai ni bidhaa. Anaanza na shida ya watu. Fungua macho, tafuta shida kubwa inayowasumbua wananchi, kisha wauzie dawa yake. Swali?"

Adero alinyoosha mkono. "Shikamoo, mtendaji."

"Marahaba. Sema."

"Kama hiyo shida ni ya serikali?"

"Hasa hiyo! Shida ya serikali ni shida ya wote, maana yake wateja ni wote."

Mwalimu Eugenia aliacha kusahihisha, akamtazama Adero, kisha akainamia madaftari tena.

Wiki chache baadaye Projestus aliona jambo la kutia moyo. Benchi lililokuwa nje ya ofisi yake, ambalo siku zote lilijaa watu wanaosubiri barua za utambulisho, lilikuwa tupu. Aliligundua hilo alipopita pale kwa bahati, akielekea kwingine. Akaandika kwenye taarifa yake kwa Mratibu kuwa kero za wananchi zimekwisha.

Lakini kukatokea jambo jingine, nalo halikumtia moyo. Watu wakaanza kumpata.

Alikuwa kwa kinyozi, upande mmoja wa kichwa umeshanyolewa, mama mmoja akaingia na barua na kalamu iliyofunguliwa tayari. Alikuwa mtoni anaosha pikipiki, akatokea mchimbaji mwenye fomu ya dhamana ya ndugu yake. Siku moja alikuwa kwenye kibanda cha kitimoto, nyuma kabisa, pale kwenye meza ambayo hata mwenye kibanda huisahau. Pande la nyama lilikuwa nusu ya safari kuelekea mdomoni, kikasikika kishindo cha buti.

"Mtendaji, habari ya saa hizi," alisema mchimbaji mmoja aitwaye Nyangwine, akisogeza sahani pembeni ili apate pa kuweka karatasi. "Hapa chini. Na muhuri nimeambiwa uko mfuko wa kulia."

Ulikuwa mfuko wa kulia. Projestus alipiga muhuri, ukaacha na mafuta kidogo.

"Nani kakwambia niko hapa?"

"Aa, mtendaji. Huduma zimeboreshwa siku hizi."

Projestus aliifuata hiyo huduma mpaka kwenye baraza la mashine ya kusaga, karibu na ofisi yake. Pale palikuwa na kibao cheusi cha shule, Adero kakaa kwenye kigoda, na watoto wenzake wawili wakihema kama waliotoka mbio. Kwenye kibao paliandikwa kwa chaki, kwa mwandiko mzuri: MTENDAJI YUKO WAPI? ULIZA HAPA.

"Hii ni nini?" aliuliza Projestus, ingawa kusoma alijua.

Adero alisimama kwa adabu. "Shikamoo, mtendaji. Ni biashara. Ulisema tutafute shida kubwa ya watu. Tulizunguka tukauliza kila mtu. Wote walitaja moja."

"Walitaja nini?"

"Wewe, mtendaji."

Projestus alitafuta kifungu cha kuizuia biashara ile. Alikitafuta usiku kucha na asubuhi yake akakikosa, kwa sababu kanuni za mpango pale katani aliziandika yeye mwenyewe na zote ziliisifu. Mtaji mdogo, sawa. Hakuna uharibifu wa mazingira, sawa. Inagusa maisha ya mwananchi, sawa kabisa. Ikabaki njia moja tu ya kuwakwepa wale watoto, nayo ilikuwa kukaa mahali ambapo hakuna mtu angefikiria kumtafuta. Akaenda kukaa ofisini.

Siku ya kwanza alipata amani kubwa. Kisha nje akasikia ugomvi.

"Nirudishie hela yangu!" mama mmoja alikuwa akimkemea Adero. "Mtoto mdogo hivi umeanza utapeli? Eti yuko ofisini! Mtendaji gani anakaa ofisini?"

"Mama, nenda tu ukachungulie."

Mama akachungulia. Akamkuta mtendaji kwenye kiti, nyuma ya meza, macho kwa macho. Akashtuka, akaomba radhi, akataka kuondoka, ndipo akakumbuka barua yake. Projestus, akiwa hana pa kwenda, aliiandika. Kesho yake wakaja wawili. Mwisho wa wiki benchi lilijaa, lakini lilijaa na kupungua, kujaa na kupungua, jambo ambalo halikuwahi kuonekana pale. Watu wakaanza kumsalimia Projestus barabarani pasipo kuwa na karatasi mkononi. Jambo hilo lilimchanganya, na akagundua kuwa linampendeza.

Aliyeumia ni Adero. Alikuja ofisini na wenzake, nyuso zimewashuka.

"Mtendaji, unatuua," alisema. "Kila mtu anajua uko hapa. Hatuuzi kitu. Huwezi kutoka hata kidogo? Hata mpaka sokoni?"

"Siwezi," alisema Projestus, akijishangaa mwenyewe. "Nina kazi."

Adero alifikiri. "Basi itabidi tupanue soko. Mratibu je, yeye huwa anakaa ofisini?"

Projestus aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake. Angeweza kusema chochote. Akasema, "Mjasiriamali hamuulizi mtu. Anafanya utafiti." Akaendelea kuandika.

Siku ya uzinduzi wa mpango ikapangwa. Viti vya plastiki viliazimwa kanisani, turubai likafungwa kwenye uwanja wa shule, na mgeni rasmi alikuwa Mratibu mwenyewe. Asubuhi ile, hata hivyo, alipiga simu.

"Kijana, nimebanwa. Niko Musoma kwenye semina nzito ya kitaifa. Hotuba yangu nimeshaituma kwa bodaboda, isome kwa niaba yangu. Na ile barua yako ya uhamisho iko mezani, inasubiri kalamu tu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mheshimiwa."

Projestus alipanda mbele na hotuba mkononi. Kabla hajaanza, mzee mmoja aliyevaa koti zito na viatu vya vumbi jekundu alisimama katikati ya watu. Hakuna aliyemjua.

"Naitwa Mseti, natoka Robanda," alisema. "Samahani, mura, kijana wewe mwenye karatasi. Tembo waliingia shambani kwangu wakala mahindi yote, hata mabua. Naambiwa nitapata kifuta machozi, lakini mpaka Mratibu asaini. Nimekwenda ofisi yake mpaka mlinzi ananisalimia kwa jina. Kila siku yuko safari. Leo nimesikia anakuja hapa. Sasa yuko wapi?"

"Mzee wangu, pole sana," alisema Projestus. "Mratibu yuko Musoma, kwenye semina."

Kisha mkono mdogo ukanyooka kwenye mstari wa watoto.

"Si kweli, mtendaji," alisema Adero. "Samahani. Yuko nyuma ya choo cha shule, kwenye lile duara jipya. Amevaa gamubuti. Gari lake limefunikwa na majani ya migomba."

Watu waligeuka kutazama upande wa choo. Wote walikumbuka kuwa ni Mratibu huyohuyo aliyetoa waraka wa kupiga marufuku mtumishi yeyote wa umma kumiliki duara, na kwamba waraka ule ulibandikwa mpaka kwenye milango ya zahanati.

Projestus alisimama na hotuba mkononi. Aliiona barua yake ya uhamisho vizuri kabisa, juu ya meza, inasubiri kalamu. Akamwona na mzee Mseti, kashikilia mkononi ile karatasi yake ya tembo. Mwalimu Eugenia alikuwa akimtazama kama anavyomtazama mwanafunzi anayejua jibu na anaogopa kulisema.

Akakohoa.

"Ndugu wananchi," alisema kwa sauti ya kiofisi, "utaratibu wa itifaki uko wazi. Hotuba ya mgeni rasmi husomwa na mwakilishi pale tu ambapo mgeni rasmi hayupo. Kwa kuwa imethibitika mgeni rasmi yupo, mimi sina mamlaka ya kuisoma. Naomba tumfuate, aisome mwenyewe. Watangulie watoto na ngoma."

Walikwenda kwa nidhamu, na viti vyao vichwani. Walimkuta Bwana Enock ndani ya shimo, kapakaa tope mpaka masikioni, akivuta karai la mawe kwa kamba. Alipoziona zile ngoma akalitua karai. Watu wakapanga viti kuzunguka shimo. Projestus akainama, akampa hotuba kwa mikono miwili.

"Karibu sana, mheshimiwa. Tunakusikiliza."

Mbele ya kata nzima, Mratibu hakuona njia nyingine. Akasoma.

"Ndugu wananchi," alisoma, sauti ikitokea ardhini, "ningependa sana kuwa nanyi leo, lakini kwa bahati mbaya niko Musoma."

Walipiga makofi ya nguvu, tena safari hii hawakuwa na haraka yoyote.

Ilipofika aya ya mwisho, ile ya viongozi kuwafuata wananchi walipo, mzee Mseti alishuka taratibu kwenye ngazi ya mti, akageuza karai likawa meza, akaweka karatasi juu yake. Mratibu akasaini. Nyuma ya Mseti tayari kulikuwa na mstari. Wengine walikimbia nyumbani kufuata majalada waliyokuwa wameshayakatia tamaa, wakarudi wanapangusa vumbi na utando wa buibui. Mratibu alisaini mpaka wino ukaisha, akaletewa kalamu nyingine kutoka Darasa la Tatu.

Mstari ulipofika mwisho, alimwita Adero pembeni ya shimo, akamnong'oneza, ingawa shimo liliikuza sauti na kila mtu alisikia.

"Mtoto mzuri, sikiliza. Nikulipe vizuri, halafu usimwambie mtu mwingine kuwa mimi huwa nashinda huku. Hata kule nyumbani kwangu Tarime wanajua niko Musoma, na hili duara hawalijui. Tumeelewana?"

Adero alisikitika kweli. Ilikuwa inamuuma mfanyabiashara kumkatalia mteja.

"Umechelewa, mheshimiwa," alisema. "Tulipofungua tawi la Tarime mjini, mteja wetu wa kwanza alikuwa mke wako."

Kutoka upande wa barabara kukasikika muungurumo wa bodaboda ikipanda mlima kwa gia ya kwanza, na sauti ya mwanamke ikimhimiza dereva aongeze mwendo.