Kisu cha Babu Hobart

Jumatatu, 3 Juni

Wiki mbili tangu nimalize shule. Nimepata lengo maishani: kisu cha Babu.

Babu Hobart ana visu vya kukunja arobaini na kimoja, vyote kwenye masanduku ya sigara. Lakini kimoja hakikai sandukuni. Kinakaa mfukoni mwake. Kilikuwa cha baba yake, Esau, aliyeshuka nacho mgodini miaka yote. Leo mezani Babu alitangaza kwamba Jumapili, baada ya kanisa, atampa kisu hicho mjukuu anayejua visu.

Binamu yangu Raelynn akauliza kwa nini asimtaje tu yeye sasa hivi tuokoe muda. Wote wakacheka. Mimi pia. Moyoni nilikuwa nachemka kama birika.

Jumanne, 4 Juni

Mbinu ya kwanza: elimu! Nina daftari lenye visu vyote na wenyewe. Kile kilichovunjika ncha ni cha Mjomba Dewey, aliyekitumia kufungulia kopo la rangi. Chenye mpini wa lulu, Bibi Wilma alipewa na mwanamume mwingine kabla ya Babu. (Siri!) Nimekariri yote mbele ya kioo.

Jioni Babu aliniita barazani, akauliza nina habari gani. Nilifungua kinywa. Nikasema mvua itanyesha. Hapakuwa na hata wingu moja.

Ndipo akaja Raelynn, akakalia ukingo wa baraza kama kawaida yake, akauliza nani alivunja ile ncha. Babu alisimulia saa nzima. Nilijua jibu! Liko ukurasa wa sita!

Alhamisi, 6 Juni

Mbinu ya pili. Kwetu, aliyefungua kisu ndiye hukifunga. Mwingine akikifunga, ni mkosi. Babu aliwahi kuendesha gari maili nane ili shemasi akifunge kisu ambacho shemasi huyo ndiye aliyekifungua.

Kwa hiyo: Babu alifungua kisu kidogo, akanipa nikate kamba. Nikampa Raelynn kikiwa wazi. Atakifunga kwa mazoea tu, na Babu ataona!

Raelynn akakata kamba. Akanirudishia kikiwa wazi, mpini ukiwa upande wangu. Akasema asante, dada. Adabu yake ilinishangaza mno nikakifunga mwenyewe. Tap!

Babu alinitazama. Raelynn akanishauri leo nisipande ngazi yoyote. Bibi alicheka mpaka akajifuta macho kwa aproni.

Ijumaa, 7 Juni

Kumbe jibu lilikuwa wazi. Si maneno, ni vitendo!

Babu alilala baada ya chakula cha mchana. Kisu cha Esau alikiacha dirishani. Nilikichukua, nikakifungua. Masikini! Chuma chote kimeingia rangi ya kijivu na buluu, kama mawingu ya mvua. Miaka themanini na hakuna aliyejali kukisafisha. Raelynn naye, anayejifanya mpenzi wa visu, hakuwahi kuona?

Saa mbili nzima bandani, na dawa ya kung'arishia chuma. Sasa kinameremeta. Nimeona meno yangu ndani yake. Nimekirudisha dirishani. Raelynn hana habari.

Jumamosi, 8 Juni

Babu alikifungua kisu. Akaketi.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Akauliza ni nani. Nikanyoosha mkono kama darasani.

Akaniambia polepole kwamba ule haukuwa uchafu. Esau alikitumia kukatia tufaha kila mchana kule chini mgodini. Kisha Babu naye, kila siku, mpaka jana. Maji ya tunda ndiyo hukipa chuma rangi ile, kidogo kidogo. Hakuna duka linaloiuza.

"Baba yangu alikuwa humo, mwanangu," akasema. "Umemfuta."

Nililia bandani. Raelynn akanifuata na leso. Akasema yeye aliwahi kuacha kisu kingine cha Babu kwenye mvua wiki nzima, na Babu bado anampenda. Kwa nini lazima awe mwema pia? Urembo haukutosha?

Jumapili, 9 Juni

Amepewa Raelynn. Bila shaka.

Lakini kisu hakitolewi bure. Mpokeaji sharti atoe walau senti moja, la sivyo kinakata upendo. Na gauni la Raelynn la kanisani halina mfuko! Alijipapasa. Alibaki ameduwaa, mara yake ya kwanza tangu azaliwe. Ukoo mzima ukitazama.

Mimi huweka senti ndani ya kiatu. Mkono wangu uliitoa kabla kichwa hakijashauriwa.

Babu alinibana bega. Akasema kuanzia kesho tukate matufaha kwa kisu hicho, mimi na Raelynn, kila siku moja moja, mpaka rangi irudi. Nilifurahi kwa dakika kumi hivi.

Kisha nikafikiri. Senti ilikuwa yangu. Basi kwa haki, kisu ni cha nani?

Jumatano, 12 Juni

Raelynn alikuja na kisu na matufaha. Karibu na ncha pameanza kuingia buluu kidogo, kama kucha ya mtoto. Aliniachia nianze kukata. Anajionyesha tu.

Haidhuru. Leo Bibi Wilma amesema kikaango chake cha chuma, alichoachiwa na mama yake, atamwachia mjukuu atakayekitunza. Raelynn akasema yeye yumo, mradi mayai yawemo. Bibi akacheka!

Nimekichungulia kikaango chenyewe. Aibu! Cheusi tititi, ndani na nje. Miaka sitini ya mafuta ya nguruwe, na Bibi hakigusi kwa sabuni hata siku moja, ati weusi huo ndio unaofanya mayai yasigande. Labda mikono inamuuma na anaona haya kusema.

Kesho saa tisa anakwenda mazoezi ya kwaya. Nimeshanunua waya wa kusugulia na sabuni ile kali kabisa. Atakapokiona kinang'aa!

Raelynn hana habari.