Moshi Una Wenyewe

Siku ile mjinga alikuwa Meneja wa Malengo ya Hewa. Leo anakubali mwenyewe bila kushikiwa fimbo, ila asubuhi ile pale gatini ungemwambia, angekuonea huruma.

"Ndugu wananchi," Mwenyekiti wa kampuni ya meli za kitalii alitangaza, "kuanzia leo kampuni yetu haitoi moshi hata kidogo. Tumefikia sifuri!"

Nyuma yake dohani ya meli ilitema wingu jeusi tititi, na bendi nzima ikakohoa kwa mpigo mmoja. Waandishi wa habari wakapiga makofi. Wala hapakuwa na uongo. Moshi ulikuwepo, nani alikataa? Swali lilikuwa: ni wa nani?

Huo ndio uliokuwa ugunduzi wa Meneja. Kila mwaka kampuni iliahidi kupunguza hewa ukaa, na kila mwaka ahadi ilikonda, hewa ukaa ikanenepa. Kamati ya Upunguzaji iliunda kamati ndogo ya kuipunguza Kamati, wapi. Ndipo Meneja akafunuliwa: meli haisafiri kwa ajili yake yenyewe, inasafiri kwa ajili ya abiria. Basi moshi ni wa abiria. Kampuni inawabebea tu, kama inavyowabebea masanduku.

Mwenyekiti alimkumbatia mpaka miwani ikapinda. "Tukirudi kutoka safari hii na sifuri yetu, ukurugenzi ni wako. Tukirudi bila sifuri, utalifagia gati hili mpaka uzeeke."

Kwa hiyo kila abiria aliyepanda ngazi alivishwa utepe, akakabidhiwa kichupa chenye moshi wake wa mfano. Moshi wa kweli ulikataa kukaa chupani, ikabidi vichupa vipakwe rangi ya kijivu kwa ndani. Utaratibu ni utaratibu.

"Hongera, mmiliki," Meneja alimwambia kila mmoja. "Moshi ni wako kwa haki zote."

"Zote?" aliuliza mama mmoja aliyevaa viatu vya kuazima, vinambana hadi anatembea kwa kisigino. Alikuwa dobi wa mtaa ulio nyuma ya gati, na tiketi yake ilikuwa zawadi ya kampuni kwa jirani mwema.

"Zote, mama. Hakuna wa kukuingilia."

"Loo! Kumbe miaka yote hii anayenichafulia nguo kambani ni mimi mwenyewe, na mimi nagombana na jirani!" Akakitia kichupa kifuani. "Ahsante, baba."

Meneja akacheka. Hapo ndipo ujinga ulipokomaa.

Meli ikang'oa nanga, na hata nchi haijapotea machoni, dobi alimkuta Meneja sitahani akiwafafanulia waandishi maana ya sifuri.

"Baba, tazama. Moshi wangu unaelekea kwangu. Nimeacha mashuka ya hoteli kambani, meupe pee. Yakiingia masizi leo, kazi sina. Basi moshi wangu naukataza. Usitoke."

"Mama, moshi haukatazwi."

"Si wangu?"

"Ni wako."

"Kwa haki zote?"

Waandishi wakasogeza vinasa sauti. Meneja akapiga hesabu. Akisema si wake, basi ni wa kampuni. Na ukiwa wa kampuni, kwaheri sifuri, karibu ufagio.

"Kwa haki zote," akasema.

"Basi nimeukataza."

"Na mimi wangu upumzike," akadakia mwalimu mmoja mstaafu. Vichupa vikaanza kuinuliwa sitaha nzima.

Meneja alimpigia simu fundi mkuu wa mitambo. "Zima."

"Nizime nini, bosi?"

"Kila kinachotoa moshi."

"Ndiyo hicho hicho kinachotoa umeme."

"Wenye mali wamesema. Zima!"

Meli ikanyamaza. Taa zikafa, viyoyozi vikakata roho, na lifti iliyokuwa ikimpandisha Mwenyekiti chumbani kwake ikaganda katikati ya ghorofa mbili.

"Washeni!" sauti ilitoka ukutani.

"Mheshimiwa," Meneja, aliyekimbilia huko na dobi na waandishi nyuma yake, alisema kwenye upenyo wa mlango wa lifti, "wenye moshi hawajaridhia."

"Waamuru!"

"Utaamuruje mali ya watu?" dobi akauliza.

"Labda, mheshimiwa," Meneja akadokeza, "tukisema ni wa kampuni..."

"Koma! Waandishi wapo?"

"Wapo hapa, mheshimiwa. Wanakusalimu."

Joto likafanya kazi yake. Kisha sauti ikarudi, laini kama ya mkwe anayeposa. "Mama yangu, fungulia moshi wako kidogo tu. Nifike ghorofa ya juu."

"Na mashuka yangu?"

"Mama, humu hakuna hewa!"

"Nimeuliza mashuka."

"Haya! Moshi ni wangu! Wote! Wa kampuni! Na mashuka nitayafua mwenyewe! Washeni!"

Waandishi wakaandika neno kwa neno. Meneja akampigia fundi simu, kisha akamuuliza mhudumu aliyekuwa karibu kama mifagio ya gatini huwa na mpini mrefu au mfupi.

Mitambo mikubwa haiamki kama taa. Gizani, Mwenyekiti akaanza kulalama: "Lakini mama, umetuonea. Sisi tulikuwa tumeshafikia sifuri!"

Dobi akavua viatu, akagonga mlango wa lifti kwa kichupa, taratibu.

"Sifuri umeifikia leo, mwanangu, humo ulimo. Unaionaje?"