Moshi wa Upande Ule wa Mtaro

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kihistoria. Meya ameniita ofisini kwake na kunikaribisha kiti. Hajawahi kufanya hivyo tangu achaguliwe. Kumetoka amri mkoani: kila halmashauri ihesabu moshi na hewa ya ukaa inayotoka ndani ya mipaka yake, ikubali kuwa ni mzigo wake, na iseme itaupunguzaje. Hesabu zitasomwa Ijumaa ya wiki ijayo mbele ya Afisa wa Mkoa. Meya hataki kushindwa na halmashauri ya jirani. Nikileta hesabu ndogo kuliko yao, ataniondolea neno Kaimu.

Miaka sita sasa mimi ni Kaimu Mkuu wa Idara ya Mazingira. Idara yenyewe ni mimi, kabati moja na feni isiyozunguka. Kinyozi wangu ananiita Kaimu. Mama mkwe ananiita Kaimu, na yeye hafanyi utani. Kibao cha mlangoni kisichokuwa na neno hilo nilishakichongesha mwaka juzi. MKUU WA IDARA YA MAZINGIRA, herufi za dhahabu. Kiko nyumbani kabatini, chini ya mashati.

Mpinzani wangu huko kwa jirani ni shemeji yangu, kaka yake mke wangu. Naye ni Kaimu, lakini wa miaka minne tu. Hata kwa kukaimu mimi ni mkubwa wake.

Jumanne, 4 Machi

Nimehesabu. Magari, majiko, tanuri za mikate, jenereta ya soko. Vyote vimeenea ukurasa mmoja na nafasi ya sahihi ikabaki. Nikajisifu.

Kisha nikakumbuka jaa.

Jaa la taka linafuka moshi tangu sijaoa. Peke yake linashinda mji mzima ukijumlishwa. Nimelihesabu mara tatu, mara ya tatu kwa kusimama mbali zaidi. Halikupungua.

Nyumbani nimemweleza mke wangu shida yangu. Yeye ni mshonaji, hana elimu ya mazingira. Akasema basi lizimeni. Limwagiwe udongo, taka zitenganishwe, na binti yetu apumzike na kikohozi kinachomshika kila upepo unapogeukia mtaani kwetu. Nimemjibu kwamba hilo ni suala la kitaalamu. Kuzima jaa ni kazi ya miezi. Mimi nina siku kumi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata!

Asubuhi nilishuka masjala kutafuta faili la mipaka. Mama wa masjala hatoi faili bila kusaini daftari lake, jina kamili, saa na sababu. Nikaandika sababu: utafiti. Akaniuliza utafiti wa nini. Nikaongeza: wa kina.

Faili lina kurasa mbili na panya mmoja aliyekauka. Linasema mpaka kati ya halmashauri hizi mbili ni mtaro mkuu wa maji ya mvua, popote upitapo. Nimeisoma sentensi hiyo nikiwa nimesimama. Popote upitapo!

Mtaro upo mashariki ya jaa, mwendo wa dakika moja tu. Umejaa mchanga na chupa, na kuuzibua ni wajibu wetu. Sasa nani amesema lazima uzibuliwe palepale? Ukichimbwa upya magharibi ya jaa, kati ya jaa na mtaa wetu, jaa litajikuta kwa shemeji. Halitasogea hata hatua moja. Moshi utaendelea kutoka, ila utakuwa wake.

Jumapili, 9 Machi

Juzi Meya alitia sahihi barua ya kuzibua na kunyoosha mtaro. Hakuisoma. Nampenda kwa hilo.

Mchana shemeji alikuja kula. Masikini. Anahesabu moshi kwa miguu, nyumba kwa nyumba, wiki nzima sasa. Soli ya kiatu cha kushoto imeachia na anatembea akiburuza kama mgonjwa. Nilimhurumia kweli, nikamwongezea chai bila kuombwa.

Binti yangu alikohoa. Shemeji aliweka kikombe chini, akaniuliza kwa adabu kama hatuna mpango wowote na lile jaa, maana mpwa wake anaisha. Nikamwambia kwamba wakati umefika kila mtu awajibike kwa kilichomo ndani ya mpaka wake. Akasema nimesema kweli. Mke wangu alinitazama kwa muda mrefu bila kupepesa. Nikatoka nje kuangalia gari.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya katapila. Nilimwonyesha dereva njia kwa kidole, nikachomeka vijiti vitatu ardhini, nikaondoka. Nilikuwa na shughuli muhimu. Ubao wa matangazo wa halmashauri una picha za wakuu wa idara, na nisingependa kuthibitishwa cheo nikiwa sina picha.

Mpigapicha ni mtu wa mambo mengi. Aliniambia niinue kidevu, nishushe mabega, nifikirie jambo zito. Nikafikiria kibao changu. Katikati ya hapo dereva akapiga simu: amekutana na mwamba penye kijiti cha pili. Nikamwambia aupite. Akapiga tena: aupite kushoto au kulia? Mpigapicha alikuwa ameshahesabu moja, mbili. Nilijibu bila kufungua mdomo sana kwamba apite popote palipo laini, mradi jaa libaki upande ule.

Akapiga ya tatu. Sikupokea. Picha imetoka vizuri sana, naonekana kama mtu aliyesikitika kwa ajili ya taifa.

Alhamisi, 13 Machi

Jaa limebaki upande ule. Dereva ni mtu wa kutimiza ahadi.

Nyumba yangu nayo imebaki upande ule.

Palipo laini, kumbe, ni nyuma ya mtaa wetu. Dereva aliuzunguka mwamba, akazunguka na sisi, nyumba nane na kioski cha fundi redio. Asubuhi nimevuka mtaro kwa ubao ili nifike kazini. Ubao unayumba. Mke wangu alivuka nyuma yangu na cherehani ya mteja mikononi, akauliza kama huku tunakokwenda wanagonga mihuri ya pasipoti. Fundi redio alicheka mpaka akakaa chini.

Nilikasirika hadi saa nne. Kisha nikaona faida yake. Jiko letu, gari letu lile la moshi mweusi, na taka ninazochoma nyuma ya choo kila Jumamosi, vyote sasa ni vya shemeji! Nimefuta mistari mitatu kwenye hesabu. Halmashauri yetu ni safi kuliko nilivyoikuta.

Mchana nimempelekea shemeji nakala ya mpaka mpya, yenye muhuri. Aliisoma mara mbili. Nilisubiri apige kelele. Akashukuru, akauliza kama anaweza kukaa na nakala hiyo.

Ijumaa, 14 Machi

Siandiki mengi leo.

Ukumbi ulijaa. Nilianza mimi. Nilisoma kwa sauti niliyoifanyia mazoezi bafuni. Nilipofika kwenye sentensi yangu bora nikatua, nikatazama watu, nikasema kwamba ndani ya mipaka yetu hakuna jaa, na mambo ya jaa hayatuhusu. Meya akaongoza makofi. Akanifinya goti kwa upendo.

Shemeji akafuata, kiatu chake kimefungwa kwa uzi. Hesabu yake ilikuwa mara tatu ya yangu. Hakuficha kitu. Alisema jaa limekuwa lao tangu Jumatano, linaumiza watoto wa mitaa ya karibu, akiwemo mmoja wa kwao, na Jumatatu anaanza kulifukia kwa udongo, apate asipate msaada. Nilimwonea huruma. Nilikuwa nimeshaanza kutafakari ukuta upi utafaa kwa kibao.

Ndipo Afisa wa Mkoa akasimama. Mama mfupi, miwani kwenye kamba. Alisema haya si mashindano ya nani ana moshi mdogo. Alichokuja kutafuta ni nani anakubali wa kwake. Mkoa una mtambo wa kukusanya gesi ya jaa, mmoja tu kwa eneo letu, pamoja na magari ya udongo na idara kamili yenye mkuu kamili. Vyote vitakwenda kwa halmashauri yenye jaa, yaani kwa bwana huyu mwenye kiatu cha uzi.

Meya aliacha goti langu.

Nilinyoosha mkono. Nilisema kwamba kwa kumbukumbu tu, kihistoria, jaa ni letu. Afisa akaninyooshea ukurasa wangu mwenyewe na kuniomba nisome tena ile sentensi. Nikaisoma. Bila kutua.

Jioni Meya alitaka kujua wazo la mtaro lilitoka kwa nani. Nikasema idara haikumbuki. Mama wa masjala akaletwa na daftari lake. Jina kamili, saa, sababu: utafiti wa kina.

Jumatatu, 17 Machi

Bado ni Kaimu. Meya alisema angenifukuza, ila hakuna mwingine anayejua feni inavyofungwa kamba.

Jioni mgeni. Shemeji, mlangoni kwangu, kikazi, na fomu. Sisi ni wakazi wake sasa na lazima tuhesabiwe. Aliniomba radhi kwa usumbufu. Nikamkaribisha kwa maneno machache.

Gari? Nikasema linatembea mara chache. Mke wangu akasema kila siku, hata dukani, hatua arobaini. Kuchoma taka? Nikasema hapana. Binti yangu akasema baba huchoma nyuma ya choo, siku za Jumamosi, na tairi aliwahi kuchoma. Alisema kwa furaha, kwa vile anampenda sana mjomba wake. Shemeji aliandika yote bila kutabasamu. Lakini nilimwona akiuma kalamu.

Alipomaliza, mke wangu akampongeza kwa cheo. Akasema anayo zawadi. Akaingia chumbani. Nikasikia kabati likifunguliwa, nikasikia mashati yakihamishwa.

Akatoka na kibao. MKUU WA IDARA YA MAZINGIRA, herufi za dhahabu. Hakina jina la mtu. Hakina jina la halmashauri. Kinamtosha kama kanzu ya kupimwa.

Shemeji alikigeuza mbele na nyuma. Alikuwa na machozi. Akaniuliza nilijuaje, nikakiandaa mapema namna hii. Nikamjibu kwamba nilimwamini siku zote. Akanikumbatia. Ana nguvu kwa mtu mwembamba.

Baadaye nilimuuliza mke wangu tangu lini anajua. Akasema mashati yangu anayepiga pasi ni nani.

Jumatatu, 31 Machi

Wiki mbili sijaandika. Sikuwa na la kujivunia.

Magari ya udongo yamepita upande ule kutwa, siku kumi na moja. Leo asubuhi nilitoka nje na kuona kilima pembeni ya jaa. Sikuwa nikijua kwamba kuna kilima. Moshi haupo. Binti yangu alimaliza uji wote, akaimba, akaenda shule akiimba, wala hakukohoa hata mara moja. Nilisimama ubaoni katikati ya mtaro nikimsikiliza mpaka akakata kona. Nilifurahi sana. Niliudhika pia, kwa sababu ni kazi ya shemeji na nitalazimika kumshukuru mbele ya watu. Lakini nilifurahi zaidi.

Halafu mtu ukisimama juu ya ubao bila haraka unaona mambo.

Nimekiona kilima vizuri. Kina miti. Mingi! Kiko upande wa shemeji, lakini pembeni, na mpaka unapita karibu yake. Na mkoa umetoa waraka mpya Ijumaa. Nimeusoma mara nne. Safari hii kila halmashauri itahesabu miti iliyomo ndani ya mipaka yake, kwa kuwa miti inameza hewa ya ukaa, na itakayoonekana kuwajibika vyema itapewa idara kamili. Meya ameniita. Hakunikaribisha kiti, lakini hakufunga mlango.

Mke wangu anasema tupande miti. Ameshapanda minne uani, na shemeji ameiandika yote kwenye hesabu yake. Nimemweleza kwamba mti ni kazi ya miaka. Mimi nina wiki tatu.

Mtaro ukipindishwa kidogo tu, pale chini ya kilima, si zaidi ya hatua mia mbili, miti yote itaamka ikiwa yetu. Nimempigia dereva wa katapila. Ana nafasi Jumatano. Ameuliza kama kuna mwamba. Nimemwambia safari hii nitasimama naye mwenyewe, kuanzia asubuhi hadi amalize.

Isipokuwa kati ya saa nne na saa tano. Saa nne nina miadi na mchonga vibao.