Vipele vya Mama Fanny

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Nimepata mjukuu! Wa kiume, ana siku nne, pua ni yangu kabisa. Mpaka sasa sijamshika. Sababu ni Mama Fanny, mama yake Lucie, mkamwana wangu. Ametoka Nyunzu na kumteka mtoto. Anamwogesha yeye. Anambembeleza yeye. Mimi, Carmel, mshonaji, mama wa baba mtoto, nimeachiwa kusonga bukari! Nikinyoosha mikono naambiwa mutoto analala. Mtoto alikuwa amekodoa macho!
Nina homa kidogo. Hasira tu.

Jumanne, tarehe 4 Machi
Mungu anaona! Fanny amelegeza kitambaa: shingo nzima vipele. Na redio inataja mpox, ugonjwa wa vipele, kila asubuhi. Nitamripoti kituo cha afya. Akitengwa, mtoto ni wangu. Si uchongezi. Ni usafi.
Mwili unauma. Nina uvimbe chini ya taya: jino hilo. Viganjani nina vipele vitatu: sindano za kushonea.

Jumatano, tarehe 5 Machi
Muuguzi Dédé aliuliza kama mgonjwa ana homa. Nikasema anawaka. Tezi zimevimba? Kama mayai ya bata! Akaahidi kuja kesho.
Nimerudi nikiimba. Fanny alikuwa msalani. Nikamwinamia mtoto, vidole vimekaribia kabisa shavu lake. Fanny akatokea mbio, akanivuta gauni: eti mikono yangu ni ya moto mno, nisimguse mtoto. Wivu!

Alhamisi, tarehe 6 Machi
Siamini ninachoandika.
Dédé kamkagua Fanny. Hana homa, tezi hazijavimba. Vipele vya joto! Kisha akatufundisha: mpox huanza mara nyingi kwa homa na tezi, halafu malengelenge yenye kishimo katikati, hata mdomoni, hata viganjani. Nikaficha mikono nyuma. Wote wakanigeukia.
"Mama Carmel, fungua mikono."
"Ni sindano, Papa Dédé."
"Vua kandambili."
Nyayo zangu! Zimejaa! Nani alizichoma sindano?
Akauliza nimemgusa nani mwenye vidonda. Nikamkumbuka Papa Aristote, niliyempima suti wiki mbili zilizopita. Mikono yake ilikuwa na malengelenge. Alisema ni siafu. Nilipenda kuamini, maana suti ilikuwa ya harusi.
Kisha Dédé akauliza nani amemshika mtoto. Lucie akaanza kulia.
"Huyu hakumugusa," Fanny akasema. "Nilimukatalia."
Nikakaa chini, sakafuni. Jana vidole vyangu vilikuwa pale, karibu na shavu lile.

Jumatatu, tarehe 10 Machi
Nipo chumba cha pekee, kituoni. Vidonda vinauma mpaka kumeza mate ni kazi. Sahani yangu, shuka langu, taulo langu, hakuna mwingine anayegusa. Mwanangu Ephraïm anasimama mlangoni, kaziba pua na mdomo. Nyumbani wamefua kila kitu kwa sabuni, wananawa mchana kutwa. Mtoto atachunguzwa siku ishirini na moja, mama yake pia. Nimesali kweli, bila kuomba chochote dhidi ya mtu.
Fanny ameniletea mchuzi wa samaki, akauacha dirishani. Nimeuonja kwa makini. Chumvi imezidi.

Ijumaa, tarehe 28 Machi
Magamba yote yamedondoka, ngozi mpya imeota. Dédé ameniruhusu. Nyumbani hakuna aliyeugua. Hakuna! Nimelia njia nzima.
Lucie akaniambia nimshukuru mama yake, maana ndiye aliyemlinda mtoto. Nikamshukuru, kwa kifupi. Fanny akaniwekea mjukuu mikononi kwa hiari yake. Mzito! Ana joto zuri. Akanitazama, akacheka. Mimi, alinichekea mimi!
Fanny akasema si kicheko, ni gesi.
Gesi!
Halafu akakohoa. Mara mbili, kikohozi kikavu. Nimeandika saa.
Kesho kituo kinafunguliwa saa mbili asubuhi.