Paa, Popo na Nuala

Jumatatu, 10 Juni
Mvua tena. Ndoo kila mahali. Nuala amepiga simu kutoka Liverpool kuniuliza habari zangu. Nikampa habari za paa. Nikamwambia likishaezekwa upya nitamwita arudi huku Clare, Ireland, tuoane, kama tulivyopanga ujanani. Akaniuliza tena, "Na wewe je?" Bila shaka kwa furaha!

Tatizo ni popo. Wamezaa darini, nao wanalindwa na sheria. Fundi hagusi kigae bila kibali, asije akaua vitoto bila kukusudia.

Jumanne, 11 Juni
Jirani yangu Colman kapata kibali cha kubomoa banda lake. Popo wake madume watupu, wamekwenda zao. Alinichungulia ukutani akaniuliza kama wodi yangu ya wazazi bado ina nafasi. Nilimchukia mpaka saa ya chakula.

Alhamisi, 13 Juni
Bi Sorcha, mkaguzi wa popo, alikuja jioni kuwatazama wakitoka. Mpango wangu: nimbane jikoni kwa chai na mkate wa soda, ule wa kwetu usiotiwa hamira, mpaka popo waishe kutoka. Asipowaona, ataandika hakuna! Nikamkaribisha chai. Akakataa, kama anavyokataa kila mgeni mwenye adabu hapa kwetu, akingoja abembelezwe mara ya pili. Mimi kwa woga nikasema haya, basi. Uso ukamwiva. Akatoka na njaa yake, akahesabu mpaka popo wa mwisho. Hakuna kibali kabla ya Oktoba, vitoto vikishajua kuruka.

Oktoba! Nimemkumbuka Nuala mpaka kifua kinauma.

Jumapili, 16 Juni
Nuala kaja! Bila taarifa. Mvi kidogo, kicheko kilekile. Tuliketi nje popo wakimiminika juu yetu. Nikamwomba radhi kwa ajili ya paa, nikamweleza hatua zote za kibali. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Fintan," akasema, "mimi sijawahi kukuuliza habari za paa. Nimekuja na sanduku langu."

Nikalitazama. Kubwa kweli. Nikaona litalowa, nikamshauri arudi nalo mpaka Oktoba.

Jumatatu, 17 Juni
Basi la Nuala limeondoka. Alilia sana. Hakusema atapiga simu lini, labda alisahau. Nyumba imekuwa kimya, nami natamani kusikia kicheko chake. Heri nimegundua bomba la moshi nalo lina ufa. Kesho naliombea kibali chake, ili akirudi asikute kasoro yoyote.